Mgeni wa Siku ya Tatu

Wazee wetu walituachia methali mbili juu ya mgeni. Ya kwanza yasema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili yasema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hudhani kuwa methali hizi zapingana, ya kwanza ikiwa ni neno la ukarimu na ya pili neno la kuchoka. Sisi twaona sivyo. Twaona ni hatua mbili za somo moja, na Mkristu asiyeijua hatua ya pili bado hajaielewa vema ile ya kwanza. Juma hili twapenda kulitafakari somo hilo pamoja na jamaa zote zisomazo ukurasa huu. Mfano wetu tutauchukua katika nchi ya Buha, huko Heru Juu na katika vilima vya Kasulu na Kibondo, kwa maana watu wa huko wamefundishwa somo hili kwa matendo, tena kwa gharama kubwa.

Mungu apiga hodi kwa watu wa kawaida

Tusikiapo neno “wito”, mara moja twafikiri juu ya seminari na nyumba za watawa. Twafanya vema kuziombea nyumba hizo, maana bila mapadre na masista Kanisa lingepungukiwa sana. Lakini tukidhani kuwa wito ni wa hao peke yao, twajidanganya. Mungu huwaita pia baba mwenye shamba la maharage, mama apikaye ugali, kijana achungaye mbuzi, na bibi asiyejua kusoma. Naye mara nyingi hawaiti kwa sauti kutoka mawinguni. Huwaita kwa hodi mlangoni.

Tumwangalie Abrahamu, baba yetu katika imani. Siku ile ya Mamre hakuwa madhabahuni akitoa sadaka. Alikuwa ameketi penye mlango wa hema yake wakati wa jua kali, kama mzee yeyote anayengoja joto lipungue. Akainua macho akaona watu watatu wamesimama. Hakuwauliza kabila lao, wala watokako, wala siku watakazokaa. Aliwakimbilia, akawapa maji ya kunawa miguu, akawaweka kivulini, akamwomba Sara aandae mikate, akachagua ndama laini. Walipokwisha kula, ndipo iliponenwa ahadi ya mwana. Tuangalie utaratibu huo: chakula kilitangulia, neno la Mungu likafuata. Kama Abrahamu angalifunga mlango wa hema yake, je, ahadi ile ingalinenewa wapi?

Tumwangalie na mjane wa Sarepta. Hakuwa mtu wa taifa la Israeli, wala hakuwa na mali. Alikuwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo chupani, naye alikuwa akiokota kuni ili apike chakula cha mwisho, yeye na mwanawe. Mtu huyo ndiye Mungu aliyemchagua amlishe nabii Elia. Matajiri walikuwako, lakini hodi ilipigwa kwa mjane.

Tena Bwana wetu Yezu Kristu alipotufundisha habari za hukumu ya mwisho, alitaja njaa, kiu, ugeni, uchi, ugonjwa na kifungo. Hapo tusisahau jambo moja: hata wenye haki watashangaa. Watauliza ni lini walipomwona Bwana akiwa mgeni wakampokea. Hawakumjua. Walimwona mtu mwenye vumbi miguuni tu. Basi asiye tayari kumpokea mtu mwenye vumbi, asitumaini kwamba atamtambua Kristu ajapo.

Heru na wageni wake

Heru ilikuwa mojawapo ya falme za Waha, na mtawala wake aliitwa Mwami. Katika miaka ya 1950 mtawala huyo alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare, jambo lililokuwa nadra katika Tanganyika ya siku zile. Chini ya watawala hao walikuwako wateko, wazee wa ardhi. Mtu aliyehamia kutoka mbali akitaka kulima, alikwenda kwa mteko, naye ndiye aliyemwonyesha mahali. Kwa hiyo desturi ya kumpokea mgeni na kumpa udongo wa kulima haikuletwa Buha na meli ya mtu yeyote. Injili ilipofika iliikuta pale, ikaibariki na kuipa jina jipya, yaani mapendo.

Kanisa nalo lilifika katika nchi hii kama mgeni. Mwaka 1879 Wamisionari wa Afrika walifika Ujiji, penye Ziwa Tanganyika, wakiwa wamechoka kwa safari ya miguu tokea pwani. Miaka mingi ilipita kabla ya misheni kuenea juu milimani. Vikarieti ya Kigoma ilianzishwa mwaka 1946 chini ya Askofu Jan van Sambeek, na mwaka 1953 ikawa jimbo kamili. Mapadre walikuwa wachache na vilima vilikuwa vingi. Waliosomesha katekisimu, waliokusanya watu Dominika padre asipokuwapo, waliobatiza katika hatari ya kufa na kuzika wafu kwa sala, wengi wao walikuwa makatekista, watu wenye mke, watoto na shamba. Imani ilipanda milimani kwa miguu ya watu wa kawaida.

Kisha ikaja saa ya kujaribiwa. Mwaka 1972 mauaji makubwa yalitokea Burundi, na maelfu kwa maelfu ya watu wakakimbilia Tanzania. Baadaye Serikali iliwapeleka wengi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, lakini wengine walibaki vijijini mwa Kigoma, wakalima na kuoana na wenyeji. Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye, mpaka ulijaa watu tena. Mwaka 1996 vita vya Kongo vilileta wengine kuvuka ziwa, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu. Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walikuja kwa mara nyingine. Zaidi ya watu 50,000 walijazana katika kijiji kidogo cha Kagunga ufukoni mwa ziwa, kipindupindu kikawashukia, na meli ya Liemba ikawa ikienda na kurudi kuwaleta Kigoma mjini, nao wakapelekwa Nyarugusu. Nyarugusu ilipojaa, kambi ya Nduta katika Kibondo na ile ya Mtendeli katika Kakonko zilifunguliwa upya. Kwa muda mfupi Tanzania ilikuwa imewapokea Warundi zaidi ya 200,000.

Waliofika kwanza hawakukuta mahema wala magari ya misaada. Walikuta nyumba za watu. Lugha ya Kiha na ya Kirundi zakaribiana mno, hata mgeni aliyeomba maji alieleweka kabla hajamaliza kusema. Maji yalitolewa, ugali ukagawanywa, watoto wakalazwa kwenye mkeka mmoja na watoto wa nyumba. Mwaka 1983 Mwalimu Julius Nyerere alipewa Nishani ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa kazi ya kuwahudumia wakimbizi, na heshima hiyo alistahili. Lakini sisi twaamini kwamba sehemu ya nishani hiyo ni ya akina mama wa Buha, ambao majina yao hayakuandikwa popote ila mbinguni.

Ninyi pia mlikuwa wageni

Kwa nini watu maskini waliwapokea maskini wenzao? Sababu moja ni kwamba wao wenyewe walijua ugeni ni nini. Siku za utawala wa Waingereza, Buha ilikuwa nchi ya kutolea vibarua. Kijana alitakiwa kodi, na fedha hazikuwako kijijini. Basi maelfu walikwenda mbali kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba, na mara nyingi aliitwa kwa namba kuliko kwa jina alilopewa na mama yake. Walilala katika kambi za wageni, walicheka kidogo na kudharauliwa sana. Wengine hawakurudi.

Hata baadaye, kwa sababu nchi yao yapakana na Burundi na lugha zafanana, si Waha wachache walioulizwa katika nchi yao wenyewe, “Wewe ni raia kweli?” Ni swali chungu. Lamfanya mtu kuwa mgeni kwenye kaburi la babu yake.

Mungu aliwaagiza Waisraeli wasimwonee mgeni, na sababu aliyowapa ilikuwa moja: wao pia walikuwa wageni katika nchi ya Misri. Agizo hilo halikuandikwa kwa Waisraeli peke yao. Kila jamaa ya nchi hii ina Misri yake. Mmoja alikuwa manamba, mwingine kuli wa bandarini, mwingine mtoto wa shule aliyelala kwa mjomba akahesabiwa kila kijiko cha mboga. Asiyeikumbuka Misri yake atakuwa Farao kwa mwenzake. Tena tukumbuke Jamaa Takatifu yenyewe. Yezu mchanga, pamoja na Maria na Yosefu, walikimbia usiku kuokoa maisha. Mwaka 1952 Baba Mtakatifu Pius XII, katika waraka wake uitwao Exsul Familia, aliiweka Jamaa hiyo ya Nazareti mbele yetu kuwa mfano wa jamaa zote zinazolazimika kukimbia.

Jembe la siku ya tatu

Sasa twafika mahali pagumu. Kumpokea mgeni siku moja ni furaha. Kumpokea miaka ishirini ni msalaba. Tusiwe watu wa kusema maneno matamu tu. Makumi elfu ya watu wakija kukaa karibu na vijiji, kuni hupungua, na mwanamke aliyetembea nusu saa kuzitafuta hutembea nusu siku. Visima hukauka mapema. Muhogo huibwa usiku, na mwizi asipojulikana, wageni wote huitwa wezi. Hofu huingia, na neno “mkimbizi” hugeuka tusi vinywani mwa watoto. Mwenyeji anayelalamika juu ya mambo hayo si mtu mbaya. Amebeba mzigo wa kweli, tena mara nyingi aliubeba huku walio mbali wakimsifu bila kumsaidia.

Hapo ndipo methali ya pili ituponyapo. Siku ya tatu mpe jembe. Methali haisemi siku ya tatu mfukuze. Yasema mpe jembe, maana yake mtoe katika kiti cha mgeni, umweke katika mstari wa jamaa. Jembe ni chombo cha mwenye nyumba. Anayepewa jembe apewa pia shamba la kulimia, jasho la pamoja, na haki ya kula bila kuona haya. Mgeni anayelishwa siku zote bila kazi huvunjika moyo, naye mwenyeji anayelisha siku zote huanza kujiona mungu mdogo. Jembe lawaokoa wote wawili.

Katika Matendo ya Mitume twakuta jambo hili wazi. Akwila na Prisila, mtu na mkewe, walikuwa wakimbizi. Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi kutoka Roma, nao wakaenda Korinto wakaanza upya. Mtume Paulo alipofika katika mji huo, aliyempokea hakuwa tajiri mwenyeji. Walimpokea wakimbizi hao. Na kwa kuwa kazi yao ilikuwa moja, kushona mahema, alikaa kwao, wakafanya kazi pamoja. Mtume mkuu alipewa jembe lake! Kwa hiyo nyumba ya watu waliofukuzwa ikawa mahali pa kukutania Wakristu. Anayedhani mkimbizi ni mtu wa kupokea tu, na asome habari hizo tena.

Mfano mwingine uko karibu nasi, ufukoni mwa ziwa lile lile la Kigoma, upande wa kusini. Adrian Atiman alizaliwa katika nchi iitwayo leo Mali. Akiwa mtoto alitekwa akauzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari huko Algeria, akafundishwa uganga katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, mgeni kabisa, asiyekuwa na ukoo wala lugha ya mahali pale. Hakukaa kitini. Alioa huko, akatibu wagonjwa na kufundisha dini, miaka zaidi ya sitini, hadi alipofariki mwaka 1956. Mgeni alikuja, na kweli mwenyeji akapona. Kama watu wa Karema wangalimwambia arudi kwao, ni wagonjwa wangapi wangalikufa?

Jembe si kongwa

Hata hivyo yatupasa kuonya. Wako watu wanaoitumia methali hii vibaya. Mgeni akiomba kibarua, humlimisha siku nzima kwa ujira wa nusu siku, wakijua hana pa kushtaki. Wengine humlimisha, kisha humtisha asidai. Hilo si jembe, ni kongwa. Mtume Yakobo aonya ya kuwa ujira uliozuiliwa hupiga kelele mpaka masikioni mwa Bwana. Kelele hizo husikika hata kama mzuiaji hupokea Komunyo kila Dominika.

Wala tusidhani kwamba maonyo haya ni ya watu wa mipakani tu. Katika nyumba nyingi za mjini yuko binti aliyeletwa kutoka kijijini kusaidia kazi. Yeye ni mgeni aliyepewa jembe siku ya kwanza, wala zile siku mbili za kwanza hakupewa. Huamka kabla ya wote, hula baada ya wote, na pengine siku ya Dominika jamaa yote huenda Misani yeye akibaki kulinda chungu. Wapenzi wasomaji, kuna faida gani kuwalilia wakimbizi wa mbali na kumsahau mgeni alalaye jikoni mwetu? Mungu anaweza kuwa amepiga hodi muda mrefu katika nyumba hiyo, naye ametumwa kufua nguo.

Tufanye nini basi?

Sheria za nchi juu ya wakimbizi ni kazi ya Serikali, na Mkristu mwema huzitii. Si kila mgeni aweza kulala nyumbani mwetu, wala kambi hazifunguliwi kwa amri yetu. Lakini yako mengi yasiyohitaji kibali cha mtu.

Kwanza, tuuchunge ulimi wetu. Tusimwite mtu kwa hali yake, bali kwa jina lake. Manamba wetu wa zamani walijua uchungu wa kukosa jina. Baba na mama wawakataze watoto kutumia neno “mkimbizi” au jina la kabila kuwa tusi, na wao wenyewe wawe wa kwanza kuacha.

Pili, Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristu zijue ni nani amehamia. Maaskofu wetu wa Afrika ya Mashariki walizichagua jumuiya hizo katika miaka ya 1970 ili Kanisa liwe karibu na nyumba za watu. Jumuiya isiyojua kwamba nyumba ya tatu ina mpangaji mgonjwa imepungukiwa na kazi yake. Mgeni atembelewe juma lile lile afikapo, na akisha kuzoea apewe jembe lake: asome somo, aongoze wimbo, achimbe kaburi pamoja na wengine, apike msibani. Jumuiya nyingi humsaidia mgeni, lakini ni chache zinazomwomba msaada. Kumwomba msaada ni heshima kubwa kuliko kumpa.

Tatu, tuanze na kidogo tulicho nacho. Mjane wa Sarepta hakungoja mavuno. Kikombe cha uji, mbegu za maharage za kupandia, saa moja kando ya kitanda cha mgonjwa, hizo ndizo sadaka za watu wa kawaida.

Nne, na wageni nao waushike wajibu wao. Wauheshimu msitu wa mwenyeji, wazitii sheria za mahali, walikatae jembe la wizi kama walivyolikataa panga la vita. Mwaka 2014 Serikali ilianza kuwapa vyeti vya uraia wale waliokuja mwaka 1972 pamoja na watoto wao, watu zaidi ya 160,000. Walipewa baada ya miaka zaidi ya arobaini ya kulima ardhi hii na kuzika wazee wao ndani yake. Jembe lilikuwa limewatangulia kuwaombea.

Tunapomaliza, tuseme kwa ufupi. Mungu hawaiti watu wakuu tu, wala hawaiti katika saa za ibada tu. Huita saa ya jua kali, saa ya kupika, saa tulipokwisha kuchoka. Siku mbili za kwanza hututaka tufungue mlango. Siku ya tatu hututaka jambo gumu zaidi: tumfanye mgeni kuwa ndugu, afanye kazi pamoja nasi, ale pamoja nasi, na kusali pamoja nasi. Watu wa Heru Juu na wa vilima vyote vya Kasulu na Kibondo wamekuwa katika siku ya tatu kwa zaidi ya miaka hamsini. Tuwaombee, kwa maana mzigo wao ni mzito. Kisha jioni ya leo, kabla ya kusali rozari, kila jamaa ijiulize: katika nyumba yetu, au katika nyumba iliyo jirani yetu, ni nani ambaye angali mgeni?